Unampikia Nani?

Ngokolo, Shinyanga
11 Februari 2024

Baba mdogo Maige,

Shikamoo. Mpe na mama mdogo Lusia shikamoo yake kabla hujakaa kusoma, maana ukishavaa miwani husikii la mtu.

Sisi hapa wazima. Mama goti linamsumbua tangu mvua zianze, ila kanisani bado anamtangulia mchungaji. Mbu wamejaa, umeme unakuja na kuondoka, nyanya hazishikiki. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Karani wa basi alinicheka nilipompa bahasha. Aliniuliza kama Runzewe hakuna mtandao. Nikamwambia mtandao upo, ila baba yangu mdogo ana simu ya kuulizia bei ya mpunga tu. Nilipokupigia wiki iliyopita nikataja nyimbo za marehemu baba, ulisema, "Mambo ya kaka yangu siyazungumzi hewani," ukakata. Basi nimeshika kalamu.

Unajua nina bendi. Inaitwa Soksi Moja, na najua pia unavyolitamka jina hilo mbele ya wageni. Tuko watatu: mimi naimba na kupiga gitaa, Nadeem anapiga besi, Fredy yuko kwenye drams. Muziki wetu ni pank, nyimbo fupi za mbio, za kulalamikia walimu, wapenzi na joto la Shinyanga. Albamu ya kwanza tuliirekodi haraka haraka na inasikika hivyo hivyo. Hii ya pili ni kitu kingine. Ghala la nyuma ya duka la baba yake Nadeem tumeligeuza studio, tumepigilia magunia ukutani kuua mwangwi, na tangu Novemba tunarekodi. Kuna wimbo unaanza na kwaya ya akina mama wa kanisani kwetu na kuishia kwenye magitaa ya kelele. Kuna tarumbeta. Kuna kinanda cha mkono cha bibi yake Nadeem, kile cha kupepea kwa nyuma. Fredy anasema tumerukwa na akili, na anasema akiwa amefurahi.

Wimbo wa mwisho ndio moyo wa albamu, na nataka uwe wa baba. Ule aliouimba na kikundi cha kulima kule kijijini, yeye akiwa ningi, mtunzi na kiongozi wao. Kisukuma changu ni cha mjini, kwa hiyo nimeugeuza Kiswahili nisije nikajiaibisha:

Mama wa macho mekundu,
watoto wamelala, mji umelala,
moto wako bado unawaka.
Unampikia nani?

Nilikuwa mdogo, nimewekwa pembeni ya shamba na kibuyu cha maji, na wimbo ule ulinipa kilio ambacho sikuwa na sababu yake. Kila nikiukumbuka namwona mama aliyeunguza macho kwa moshi ili watoto wale, na hakuna aliyewahi kumwambia asante. Nadeem hataki tutumie wimbo bila ruhusa ya wenyewe, na mkubwa aliyebaki kwenye ukoo ni wewe. Mstari mmoja unatosha: "Nimekubali, Maige."

Mwanao,
Eunice


Runzewe
9 Machi 2024

Mwanangu Eunice,

Marahaba, na mama yako mdogo anasema marahaba mbili. Pole na goti la shemeji Scolastika. Mwambie apake mafuta ya ng'ombe ya moto na aache kupiga magoti kwa mashindano.

Barua ilifika mapema, jibu ndilo limechelewa. Mashine ya kukoboa ilikata mkanda, na fundi wa hapa anajua kufungua kuliko kufunga. Kijana wangu Mihayo naye ameniacha na mashine yangu, anashuka maduarani, kwenye mashimo ya machimbo, na wachimbaji wenzake. Jumapili anarudi kwangu akiwa rangi moja na udongo, anakula, analala, anaondoka. Nikimuuliza dhahabu iko wapi, anasema iko chini. Hilo nami nilikuwa nalijua.

Mama yako mdogo amehamishia kibanda chake cha chakula huko huko machimboni. Wachimbaji wanakula utadhani kesho chakula kimepigwa marufuku. Inabidi awashe moto watu bado wamelala, ili wali na maharage viwe tayari kabla vijana hawajashuka. Kipato kipo. Macho ndiyo yanamsumbua, kuni za kule ni mbichi na vumbi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe, linaingia kila mahali. Nimemwambia apumzike, akaniuliza nani atapika.

Mvua huku zimekuwa nzuri. Mpunga umesimama vizuri upande wa bondeni.

Kuhusu wimbo. Ule uache, mwanangu. Baba yako alitunga nyimbo nyingi. Chukua ule wa ng'ombe aliyelikataa jembe, watu watacheka na hizo tarumbeta zako zitapata kazi. Au ule wa mwizi wa karanga. Hiyo ruhusa nakupa kwa mikono miwili.

Wako,
Maige


Ngokolo
24 Machi 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Nafurahi mpunga umesimama. Mama mdogo nimemsikitikia, mwambie aende hospitali apewe dawa ya matone, asijitibu kwa maji ya chumvi. Mama anasema ushauri wa mafuta ya ng'ombe ameupokea, wa magoti ameukataa.

Sasa niruhusu nikasirike kidogo. Nimeomba wimbo mmoja, umenipa ng'ombe na mwizi wa karanga. Ungesema unalinda wimbo kwa sababu ya mila fulani, ningenyamaza. Ungesema baba alikuachia wewe, ningenyamaza. Umesema "uache" tu, kama unavyomwambia mtoto aache kuchezea kiberiti.

Baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Nilichonacho chake ni picha moja ya pasipoti na wimbo huu. Mama hapendi kumzungumzia. Wewe ukizungumza, unazungumza juu ya ng'ombe. Albamu nzima nimeiweka wakfu kwake, Baba mdogo, kwa hiyo nielewe.

Tumeshaurekodi, kwa majaribio. Akina mama wa kwaya wanaingia taratibu, kinanda kinafuata, kisha magitaa yanalipuka na Fredy anapiga kama anafukuzwa. Halafu kuna jambo nililolikumbuka mwenyewe. Baba akifika "Unampikia nani?" alikuwa ananyamaza. Majembe yanabaki juu. Anakaa kimya, halafu anaanza upya. Basi na sisi pale tunakata kila kitu kwa mkupuo, panabaki kimya kirefu hadi msikilizaji anadhani spika imekufa. Fredy alitaka tuzibe lile pengo kwa ngoma. Tulibishana hadi baba yake Nadeem akatoka dukani kuja kutuamua. Nilishinda mimi. Ni sehemu nzuri kuliko zote tulizowahi kutengeneza, na nimeitoa kwa baba.

Nipe sababu, au nipe ruhusa.

Eunice


Runzewe
2 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Huku tuko salama. Mama yako mdogo alikwenda hospitali. Daktari amesema ni moshi, akampa matone na kumwambia akae mbali na moto. Amerudi kwenye moto siku ile ile. Macho sasa ni mekundu kweli kweli, na asubuhi kope zinashikana. Mkanda wa mashine nimepata.

Sababu siwezi kuiandika. Ukiandika kitu kinabaki. Kama unaona ule ni wimbo mzuri wa kumkumbuka baba yako, jiulize kwa nini mke wake hajawahi kuuimba hata siku moja, naye ana sauti nzuri kuliko yenu wote.

Nimesema uache, na ninarudia. Usiutoe nje. Nakuomba sasa, sikuamuru.

Maige


Ngokolo
30 Juni 2024

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nyumbani wazima, goti la mama limetulia na kiangazi.

Nisipige chenga. Barua yako ya Mei nimekabidhiwa juzi. Karani wa basi alikwenda likizo nayo, ikiwa kwenye mfuko wa koti. Nilisubiri jibu Aprili yote, nikasubiri na Mei. Mei ilipokatika bila neno, nikajiambia mzee amechoka kubishana, amekubali kwa kunyamaza. Tukatoa albamu. Hasira zako nazipokea, na ukitaka kunichapa nitakuja na fimbo mwenyewe.

Ila kwanza nisikilize, maana sijui nimwambie nani mwingine. Ule wimbo umeshika. Sisi watu wa pank tumezoea kusikilizwa na binamu zetu. Sasa unapigwa saluni, unapigwa sokoni, bodaboda wa Kahama wameuweka kwenye spika zao. Mwanza wametualika tukapige. Bibi yake Nadeem anausikiliza kila asubuhi baada ya sala, akitikisa kichwa pale kinanda chake kinapoingia. Watu wanapenda kile kimya kuliko hata muziki. Ukumbini tukikata, wote wanashika pumzi. Kuna mtu aliyetoka Ushirombo ameniambia hadi huko kwenu machimboni unapigwa kutwa.

Nimeweka kadi ya simu yenye albamu ndani ya bahasha, ni ya mama mdogo. Nilipokuwa narekodi sauti ya mwisho nilimfikiria yeye, macho yake na moto wake wa alfajiri. Mwambie ule wimbo sasa ni wake.

Mama nilimuuliza lile swali uliloniambia nijiulize. Alisema, "Muulize aliyekuambia uniulize."

Mwanao mkaidi,
Eunice


Runzewe
14 Julai 2024

Eunice,

Marahaba. Leo sina habari za mpunga.

Nilisema siwezi kuandika, sasa naandika. Usome ukiwa umekaa.

Wimbo ule hausemi juu ya mama mpishi. Mwaka ule mvua zilikataa na ng'ombe walikufa wengi kule kijijini. Alikuwepo mjane, jirani yetu, anaitwa Minza. Hakuwa na binti wa kumsaidia, macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu alipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, kuni zilikuwa mbali na miguu yake haikuwa na nguvu. Watu walianza kunong'ona kwamba macho yale ni ya mchawi. Baba yako alikuwa na mashindano ya kulima na kuimba dhidi ya kikundi cha ng'ambo ya mto. Ningi wa upande ule alikuwa hodari kuliko yeye, na baba yako alilijua hilo. Alitaka wimbo ambao watu wakiusikia watasimama. Akautunga huo.

Kwetu, mwanamke anayepika usiku watoto wamelala, watu husema anawapikia wafu. Misukule, wale wanaodaiwa kuchukuliwa wakamlimie nogi, mchawi, gizani, na kabla ya kulima sharti wale. Baba yako hakulitaja neno nogi. Aliuliza tu, "Unampikia nani?" Kisukuma chako cha mjini kimeyasikia maneno yote sawasawa. Kilichokupita ni kwamba kila aliyekuwa shambani alikuwa na jibu tayari.

Na pale aliponyamaza, hakuwa anavuta pumzi. Alikuwa anawapisha watu waseme jina. Mwanzoni walisema chini chini, hata mtoto aliyekaa pembeni na kibuyu asingesikia. Kikundi chake kilishinda. Mwezi haukuisha, Minza akauawa ndani ya nyumba yake. Waliofanya hivyo hawakujulikana, na kwa vile hawakujulikana kila mtu alibaki anamtazama mwenzake.

Polisi walipokuja baba yako aliwaambia hakumgusa mtu, na ni kweli hakumgusa. Aliuliza swali tu. Lakini hakuimba tena. Akauza ng'ombe waliobaki, akawachukua wewe na mama yako mkahamia Ngokolo. Wewe uliambiwa ni kwa ajili ya shule. Sikutaka umjue kwa hilo. Alikuwa kaka yangu, alinibeba mgongoni, na nilitaka ubaki na picha yako ya pasipoti.

Sasa huku. Wimbo ulipofika machimboni, vijana waliupenda kama walivyoupenda wa Kahama. Wiki ya kwanza walipiga makofi tu. Siku moja mama yako mdogo anapita na sufuria, spika inafika pale mlipokata, kijana mmoja akasema, "Lusia." Kwa utani. Watu wakacheka, na yeye akacheka, akawaambia atawanyima ukoko. Kesho yake walisema watano. Baada ya hapo wakawa wanasubiri apite.

Kisha duara moja likaporomoka, kijana akavunjika mguu. Tangu siku hiyo wanasema na hawacheki. Wateja wamepungua, waliobaki ni wale wanaokula kwa kujificha. Juzi amekuta mafiga yamepigwa teke na majivu yametawanywa. Mihayo amepigana mara mbili, ana jino limelegea. Nimekwenda kwa mwenyekiti. Ameniuliza, "Kwani wimbo umemtaja jina?" Nikasema haujamtaja. Akasema basi huo ni wimbo tu.

Kadi uliyomtumia ilifika kabla sijaizuia. Alisikiliza kwenye simu ya Mihayo, halafu akasoma na barua yako, pale uliposema ule wimbo sasa ni wake. Akaniuliza, "Eunice ananiimba mimi?"

Maige


Ngokolo
22 Julai 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimepiga simu yako tangu nilipoipokea barua, imezimwa. Ya mama mdogo imezimwa. Ya Mihayo inaita na haipokelewi. Niandikie hata neno moja kwamba yuko hai.

Nimeufuta wimbo kila mahali ambako mkono wangu unafika. Kwenye kadi za simu na spika za bodaboda mkono wangu haufiki. Nilisimama sokoni nikamwomba kijana wa bodaboda auzime, akadhani namtania, akaongeza sauti kwa heshima yangu. Ulipofika kwenye kimya niliziba masikio. Mimi ndiye niliyegombana na Fredy siku nzima ili kile kimya kiwepo.

Fredy ameondoka. Amesema nimeiua albamu ya watu watatu kwa sababu ya ushirikina wa watu wa porini, akachukua vijiti vyake. Mwanza tumejitoa. Nadeem alibandua magunia ukutani moja moja. Baadaye aliniambia hajui amweleze vipi bibi yake kwa nini asubuhi hakuna wimbo.

Nilimweka mama chini. Alikuwa anachambua mchele na hakuacha kuchambua. Akasema, "Ulikuwa mdogo. Nilidhani umesahau." Miezi yote ile nikifanya mazoezi sebuleni yeye alikuwa anatoka nje na goti lake. Nilimuuliza kwa nini hakunikataza. Akasema angenikataza angelazimika kunieleza, na alitaka nimpende baba yangu. Nilimkasirikia, na sasa nimeishiwa na mtu wa kumkasirikia isipokuwa mimi. Baba aliuliza swali tu, na mimi nimeuliza swali tu, kwa tarumbeta.

Nawapenda, na nimewafanyia ubaya mkubwa. Sina namna ya kulisema hilo kwa uzuri.

Nina wazo, na usilikatae kabla hujamaliza kusoma. Turekodi upya. Muziki ule ule, ila kwenye kimya tuweke majina yetu. "Unampikia nani?" Halafu mimi nasema, "Eunice." Nadeem anasema jina lake. Akina mama wa kwaya wanasema yao. Kila aliyewahi kupikiwa ajitaje. Watu wataupenda kuliko wa kwanza, najua namna ya kuupanga, naweza kuusikia kabisa kichwani. Nadeem amekubali kurudisha magunia. Ukisema ndiyo, wiki ijayo tunaanza.

Na mama mdogo aje Ngokolo. Chumba changu ni chake.

Eunice


Nyahanga, Kahama
18 Agosti 2024

Mwanangu Eunice,

Marahaba. Yuko hai. Nimelitanguliza hilo ili usome mengine ukiwa umetulia.

Naandika nikiwa Nyahanga, kwa Juliana, dada yake Lusia. Mama yako mdogo aliondoka Runzewe Jumapili moja baada ya ibada, hakurudi nyumbani kubadili nguo. Alinikabidhi ufunguo wa kibanda mlangoni mwa kanisa kama mtu anayekwenda sokoni, akapanda gari. Simu alizizima zote mbili, yake na yangu, akasema kuna watu wanapiga na kuuliza lile swali, halafu wanakaa kimya.

Mimi nilibaki kwa ajili ya mashine. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Jumanne nilikwenda machimboni kuchukua masufuria yake. Vijana walikuwa wamekaa kijiweni, spika inaimba, wewe unaimba. Una sauti ya baba yako, sikuwahi kukuambia. Ukafika pale, mkakata. Nikaona midomo inaandaliwa.

Nikasema, "Maige." Nilisema kwa sauti kubwa, sufuria ziko kichwani. "Ananipikia mimi, Maige. Miaka ishirini na saba. Mwingine nani amekula kwake hapa?" Wimbo ulikuwa umeshaendelea, ikabidi nipige kelele juu ya magitaa yenu. Kijana mmoja, Ngusa, akasema na yeye amekula, na bado yuko hai. Wengine walitazama chini. Mmoja akainuka akaongeza sauti ya spika. Hakuna aliyenigusa. Niliondoka na masufuria, na nilipofika barabarani nikakaa juu ya sufuria kubwa kama mtoto.

Nikafunga mashine, nikamfuata. Nilimweleza yote, nikidhani atafurahi. Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Ilikuwa siku gani?"

Nikasema Jumanne.

"Mimi niliondoka Jumapili," akasema, akaendelea kukunja kitenge.

Sasa kuhusu kurekodi upya. Hapana. Nimelifikiria wazo lako kwa haki, na nimeona uzuri wake, na uzuri wake ndio unaonitisha. Baba yako naye aliweza kuusikia kichwani kabla hajauimba. Wimbo mpya utapigwa, na asiyejua atauliza wa kwanza ulikuwaje, na ataonyeshwa. Wale wa machimboni hawangoji jibu kutoka studio. Usirekodi, mwanangu. Na chumba chako amekishukuru, ila hayuko tayari kuishi kwenye nyumba ambamo wimbo ulifanyiwa mazoezi.

Anaendeleaje? Anakula kidogo. Juliana ndiye anayepika, mama yako mdogo anakaa chumba cha mbele moshi usimfikie. Macho yameanza kurudi meupe. Kila asubuhi anajitazama kwenye kioo kabla ya kumsalimia mtu yeyote. Tangu afike hajawasha moto, hata wa chai. Mihayo alipokuja kumwona alimwomba ampikie ugali kama zamani, akamwambia mikono inauma. Mikono yake haina kitu, mimi naijua.

Barua yako nilimsomea yote, hadi habari za Fredy. Nilipofika kwenye majina alininyamazisha kwa mkono. Akasema, "Huyo mtoto anataka kunijibu kwa spika. Mimi sijamwuliza kwa spika." Jana jioni, bila mimi kumwuliza, akasema hatawasha moto kwa ajili ya mtu asiyemwona usoni. Akaenda kulala.

Nimelirudia neno hilo usiku kucha, na nadhani nimelielewa. Hakusema hatawasha tena. Leo asubuhi nimemwona anamwuliza Juliana mafiga ya akiba yako wapi, halafu akajifanya ameuliza kitu kingine.

Basi uje. Usije na gitaa wala kadi. Kama Scolastika anaweza kupanda gari na goti lake, mje wote wawili. Wakati wa safari usinunue chochote cha kutafuna dirishani, na ukifika usimwombe msamaha mlangoni, atakwepa. Kaa chini, mtazame, umwambie hujala.

Njoo na njaa.

Baba yako mdogo,
Maige